Plaizi si spana: tathmini ya seti ya vipande sita vya kushikia

Seti hii inauzwa ndani ya boksi jeusi la plastiki, haina jina la kampuni, na iko kwenye maduka ya vifaa kuanzia Darajani na Mwanakwerekwe huku Unguja mpaka Chake Chake, Pemba. Ndani mna plaizi ya inchi 8, koleo la kung'olea misumari, spana ya kurekebisha ya inchi 10, vaisgripu (plaizi inayojifunga na kubaki imeshika) ya inchi 10, klampu ya umbo la G ya inchi 4, na kibano kidogo. Maandishi ya juu ya boksi ni ya Kiingereza na Kichina, karatasi ya maelezo hamna. Anayesoma Kiswahili peke yake anabaki na picha tu, na picha haimwambii jambo kubwa kuliko yote: vitu hivi sita vyote vinashika, lakini kila kimoja kinashika kivyake.

Kwa mwenye haraka: vaisgripu na klampu ni nzuri, zinastahili bei ya boksi zima. Koleo linafaa ukilipiga tupa kwanza. Plaizi inafaa kwa waya usio na umeme. Spana inacheza mno. Kibano hakina kazi.

Sasa kwa asiye na haraka, tuanze na lugha, maana ndiyo inayoharibu nati nyingi. Kushika ni neno pana: mkono unashika kalamu, rangi inashika ukutani. Kukamata ni kushika kinachotaka kukimbia. Kufumbata ni kukifungia kitu ndani ya kiganja. Kubana ni kukitia kitu baina ya pande mbili kisha kuzisogeza pande hizo. Kukaza ni kuondoa ulegevu, na kwa fundi ni kwa kuzungusha. Kuganga ni kuunganisha kilichovunjika au kilichoachana. Plaizi inabana. Spana haibani: mdomo wake una pande mbili zilizo sambamba, zinakumbatia nati kwa kipimo, na nguvu yote ni ya kuzungusha. Mdomo wa plaizi hufunguka kwa pembe kama mkasi, kwa hiyo ukiibana nati yenye pembe sita, meno yanagusa ncha za pembe tu. Ukizungusha, plaizi inateleza, inakwangua pembe, na baada ya mara mbili tatu nati imelika na kuwa duara. Hapo hata spana ya kipimo chake haiishiki tena. Anayesema "nipe hiyo plaizi nikaze nati" amekwishakosea kabla hajanyoosha mkono.

Plaizi yenyewe. Neno tumelipata kwa Waingereza, nao wamelijenga juu ya kitenzi cha kukunja kilichotoka kwenye Kifaransa plier, na nyuma yake Kilatini plicare. Jina linakumbusha kazi ya kukunja waya. Waingereza huvitaja vifaa vya miguu miwili kwa wingi, na ile sauti ya z mwishoni ni alama ya wingi wao. Sisi tuliichukua pamoja na neno, tukaongeza irabu, ikawa plaizi moja, plaizi mbili. Mkasi ulipita mlango mwingine: kwa Kiarabu ni miqass, na mi- ya mwanzo ni alama ya chombo cha kufanyia kazi. Sikio la Mswahili liliisikia kama m- ya mti na mlango, tukapata mikasi. Msumari ni hivyo hivyo, kutoka mismar. Msumeno lakini ni wetu, na meno yake yanaonekana ndani ya jina.

Plaizi ya seti hii ina urefu wa kutosha. Kutoka kwenye ribiti, yaani pini inayounganisha miguu miwili, mpaka mahali kiganja kinapokaa ni kama sentimita 12, mpaka ncha ya mdomo ni 4, na mpaka katikati ya makali ya kukatia ni 1.5. Maana yake nguvu ya mkono inaongezeka mara 3 kwenye ncha, lakini mara 8 kwenye makali. Ndiyo sababu waya hukatwa kwa kuusukuma ndani kabisa karibu na ribiti. Anayekata kwa nchani anaumiza kiganja bure na anaiharibu plaizi.

Kabla ya kulipa, ifunge na uielekeze kwenye mwanga. Ncha za mdomo lazima zikutane, na kwenye makali pasipite mwanga hata kidogo. Hii inapita mtihani huo. Kisha ishike mguu mmoja na uutikise mwingine kwenda pembeni, si kufungua na kufunga: ukisikia "tak", ribiti imelegea na makali yatapishana siku si nyingi. Hapa pia iko sawa. Inapofeli ni kwenye ugumu wa chuma. Ubavuni pamepigwa maandishi ya chrome vanadium, jina la chuma kigumu cha vifaa, lakini ukiibana kwa nguvu kwenye msumari wa zege, meno yake yanalala badala ya msumari kupata alama. Chuma cha namna hiyo hukata waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba bila taabu, na waya laini wa kufungia nondo pia. Ukikipa waya wa springi ya baiskeli, makali yanapata pengo siku hiyo hiyo.

Na hili lisomwe mara mbili. Mipini ya plaizi hii imechovywa kwenye plastiki nyekundu. Plastiki hiyo ni ya kuzuia mkono usiteleze, haizuii umeme. Plaizi ya fundi umeme huandikwa 1000 V pamoja na alama ya pembetatu mbili, kinga yake ni nene, na mbele ina ukingo ulioinuka ili vidole visiteleze kufika kwenye chuma. Hii haina alama hata moja kati ya hizo. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Muuzaji akisema "hii ni ya umeme, si unaona mpira," mwombe akuonyeshe alama.

Koleo ndilo neno linaloleta mkanganyiko mkubwa dukani. Mfua chuma hana kazi bila moto na mivukuto, fuawe, nyundo na koleo, na koleo lake lina miguu mirefu ili joto lisimfikie. Mdomo wake lazima ulingane na unene wa chuma anachokishika. Ukiwa mpana mno au mwembamba mno, chuma chekundu huponyoka kwenye pigo la kwanza na kuruka. Jikoni kuna koleo la kuokotea kaa la moto na kulitua kwenye chetezo kabla ya kutia ubani. Mara nyingi hilo halina ribiti: ni ukanda mmoja wa bati nene uliokunjwa katikati, unajifungua wenyewe kwa springi ya mkunjo. Kisha kuna koleo la seremala la kung'olea misumari, lenye mdomo wa duara kama magando mawili ya kaa yaliyokutana. Mazungumzo ya dukani huwa hivi:

"Asalaam aleikum. Nipatie koleo, shehe."

"Waaleikum salaam. La mkaa, la misumari, au plaizi?"

Muuzaji anayeuliza hivyo ni wa kurudiwa. Na anayeagiza mzigo Dar es Salaam kwa simu aongeze neno moja zaidi, kwa sababu kwa wajenzi wengi wa bara koleo ni lile tunaloliita sisi beleshi au chepe. Andika "koleo la kung'olea misumari" na mzigo utakuja sawa.

La seti hii lina kasoro inayorekebishika. Midomo inakutana upande wa kulia tu. Kushoto pamebaki nafasi ya unene wa karatasi mbili, na msumari mwembamba unapita hapo bila kushikwa. Lifunge, liweke alama ya kalamu mahali panapogusana, kisha piga tupa bapa sehemu hiyo tu, mapigo matano matano, ukijaribu kila mara kwa kubana karatasi ya daftari. Likikata karatasi kutoka upande mmoja mpaka mwingine, acha. Ukizidisha, mdomo unakuwa mfupi na miguu inagusana kabla ya msumari kushikwa. Tupa inaliuma kwa urahisi, jambo linaloonyesha kwamba chuma chake nacho si kigumu. Ila kwa kazi ya kung'oa kinatosha.

Namna ya kung'oa: weka kibao chembamba juu ya ubao unaoufanyia kazi, shika msumari chini kabisa karibu na ubao, kisha lilaze koleo pembeni juu ya mgongo wake wa duara. Duara ndilo linalonyanyua. Rudia, ukishuka chini zaidi kila mara. Kuvuta moja kwa moja kwenda juu kunakata kichwa cha msumari na kukuangusha kinyumenyume. Kwenye mbao za chombo cha baharini, mtondoo au mwembe uliokaa miaka kwenye chumvi, msumari hushikwa na kutu yake mwenyewe. Upige kwanza nyundo moja kwenda ndani, kidogo tu. Pigo hilo linavunja kutu, na baada ya hapo unatoka. Wengi wanaiona hatua hiyo ni ya kinyume na wanairuka, kisha wanalalamika kwamba koleo ni bovu.

Spana ilianza Ujerumani. Kitenzi spannen ni kuvuta kitu mpaka kikazike, na kifaa kilichobeba jina hilo katika karne ya 17 kilikuwa ufunguo wa kukazia springi ya bunduki. Kutoka kwenye springi ya bunduki jina likahamia kwenye nati. Hii ya kurekebisha ina majina ya ajabu kila nchi: Wafaransa huiita ufunguo wa Kiingereza, Wadenmark huiita ufunguo wa Kiswidi, na hao wa pili wana sababu, kwa kuwa ni Msweden Johan Petter Johansson aliyeipa umbo tunalolijua leo, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kwenye gereji zetu nyingi huitwa spana malaya, ati kwa kuwa inakubali nati yoyote. Jina hilo linawadhalilisha wanawake na halina kazi mbele ya wanafunzi wa mafunzo ya amali, ambao nusu ya darasa wanaweza kuwa wasichana. Spana ya kurekebisha inaeleweka kila duka.

Hii ya inchi 10 inafunguka karibu milimita 30, kama kawaida ya ukubwa wake. Tatizo ni taya inayotembea. Ukiifungua kufikia milimita 19 na kuitikisa kwa kidole, inayumba karibu milimita nzima, na mdomo unakuwa mpana nchani kuliko ndani. Milimita moja kwenye nati ya 13 inatosha kuila pembe. Kama umekwishainunua, itumie hivi: kaza gurudumu dogo huku mdomo uko juu ya nati tayari, itikise, kaza tena. Kisha zungusha kuelekea upande wa taya inayotembea, ili nguvu kubwa ibebwe na taya isiyotembea. Ukiigeuza kinyume unaisukuma taya dhaifu ifunguke. Usitie bomba mpini uwe mrefu. Kwa bei hiyo hiyo ni bora kupata spana za ringi (zenye mdomo wa duara unaoizunguka nati yote) namba 10, 13, 17 na 19, za kipimo kimoja kimoja. Namba 10 ni ya bolti ya M6, yaani yenye unene wa milimita 6, na 13 ni ya M8, na hizo mbili zinamaliza kazi nyingi za nyumbani.

Vaisgripu ndiyo roho ya boksi hili. Aliyeianzisha ni William Petersen, mfua chuma mhamiaji kutoka Denmark aliyekuwa DeWitt, Nebraska, huko Marekani. Hati yake ya kwanza ya ubunifu ni ya 1921, na ile ya kujifunga kwa mkono wa ndani ni ya 1924. Alikuwa mtu wa koleo na fuawe, akataka koleo linaloshika na kubaki limeshika wakati mikono yake imeondoka. Sehemu ya kwanza ya jina, vaisi, ndiyo jiliwa letu, kile kibanio cha meza ya fundi, na safari yake inapendeza: Kiingereza kiliichukua kwenye Kifaransa vis, yaani parafujo, nacho Kifaransa kwenye Kilatini vitis, mzabibu. Atazame mtu kikono cha mtango kinavyojizungusha kwenye kijiti, ataiona parafujo. Na parafujo yetu ni ya Wareno, parafuso kwao. Wao walitolewa Fort Jesus, ngome yao ya Mombasa, mwaka 1698, neno likabaki, ingawa vijana sasa wanasema skrubu.

Ndani ya mpini kuna mikono inayovuka mstari ulionyooka. Ikishavuka, nguvu ya kubana yenyewe ndiyo inayoizuia isirudi. Ndiyo maana inahitaji kipimo sahihi na haihitaji ubabe. Ifungue, weka mdomo kwenye kitu, zungusha parafujo ya nyuma ya mpini mpaka taya ziguse. Iondoe, ongeza nusu mzunguko, rudisha, funga. Ifunge kwa mlio mmoja mzito. Ikikudai mikono miwili umezidisha, legeza robo. Ikifunga bila mlio haijashika, na itaruka. Ya seti hii inafunga vizuri, springi yake iko imara, na kitufe cha kuachia hakikwami. Hii ndiyo ya kuishika nati iliyokwishaliwa na plaizi: meno yanazama, na kwa kuwa hailegei, haitelezi. Ila nati hiyo ikitoka, itupwe.

Klampu. Kiswahili kina neno lake, gango, na linafaa kuliko la kuazima. Kuganga kuna maana mbili zilizolala kitanda kimoja: kutibu, na kufunga au kuunganisha. Mganga na gango wametoka hapo hapo, na anayesema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, anakishika kitenzi hicho hicho cha fundi anayeufungia ubao uliopasuka. Plaizi huachia mkono ukichoka. Gango hukaa mpaka kilichoachana kishikane.

Fremu ya hii imetoka kwenye chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, nene ya kutosha. Kisahani cha mwisho wa parafujo kinageuka huku na huku, kama inavyotakiwa, ili kikae bapa juu ya ubao hata kama umeinama kidogo. Inabana mpaka milimita 100. Kwa kugandisha mbao: paka gundi nyeupe nyuso zote mbili, weka vibao vya takataka chini ya taya zisiache alama, kaza mpaka shanga ndogo za gundi zitokeze kwenye mstari wa kiungio, acha hapo. Ukikaza mpaka gundi yote imwagike, kiungio kinabaki kikavu na kitaachia. Muda wa kubana ni nusu saa mpaka saa nzima, na nguvu kamili ni saa 24. Wakati wa masika ongeza. Gango moja halitoshi ubao wa zaidi ya sentimita 20, kwa hiyo nunua la pili peke yake. Na ujue kwamba halichukui nafasi ya jiliwa: jiliwa limefungwa mezani, linapokea mapigo, gango halipokei. Chuma cha kusubu kinavunjika kama chungu, hakipindi kwanza ili kukuonya.

Kibano kinatokana na kubana, na jina linaahidi kitu ambacho hiki hakikitoi. Ncha zinapishana ukiminya kwa nguvu, hakitoi hata mwiba. Sonara hatakitazama.

Hewa yetu ina chumvi, na seti hii ikikaa miezi miwili bila mafuta, parafujo ya vaisgripu na gurudumu la spana ndizo zinazoshikwa na kutu kwanza. Usipake mafuta ya nazi: usiku wa kipupwe yanaganda, mchana yanakusanya vumbi, na yakichacha yanakula chuma. Mafuta ya cherehani ni bora, tone moja kwenye kila ribiti na kwenye kila uzi wa parafujo, kisha fungua na kufunga mara ishirini na ufute kinachobaki. Kilichokwishashika kutu kilaze kwenye mafuta ya taa usiku mmoja, mbali na moto, kisugue kwa brashi ya waya, kikaushe, ndipo upake. Na sponji iliyotandikwa ndani ya boksi itoe siku ya kwanza, kwa kuwa inanyonya unyevu na kuulalisha chini ya vifaa. Weka badala yake kitambaa cha pamba kilicholoweshwa mafuta hayo hayo na kukamuliwa.